Giza la Kuazima

Mwaka 1832, katika nyumba ya baba yake mjini Boston, daktari kijana Samuel Gridley Howe alianza kuwafundisha watoto wachache wasioona. Shule hiyo, ambayo baadaye ilijulikana kwa jina la Perkins, haikuwa bado na jengo lake wala vitabu vya kutosha. Walioandika habari za maisha yake wanaeleza kwamba Howe alikuwa akijifunga kitambaa machoni na kuzunguka nyumbani akipapasa kuta na samani, ili yale atakayowafundisha wanafunzi ayaonje kwanza yeye mwenyewe. Ni habari inayompa sifa njema, na anastahili. Lakini Howe huyohuyo ndiye aliyeunda herufi za Kilatini zilizoinuliwa juu ya karatasi, akachapisha vitabu vingi kwa herufi hizo, na akazishikilia mpaka alipofariki mwaka 1876, wakati ambapo huko Paris wanafunzi wasioona walikwisha kuonyesha miaka mingi nyuma kwamba kidole husoma nukta upesi kuliko kinavyosoma herufi zilizotungwa kwa ajili ya macho. Kitambaa hakikumwepusha na kosa hilo, na upo uwezekano kwamba ndicho kilichomwingiza humo.

Leo kitambaa kimekuwa miwani ya uhalisia pepe. Mwalimu, muuguzi au mzazi anavalishwa, na mbele yake linatokea darasa lenye ukungu, ubao wenye doa jeusi katikati, au uwanja wa shule ulioungua kwa mwanga. Baada ya dakika chache anaivua akiwa na machozi, anasema sasa ameelewa, na wenye mradi wanaandika neno lake kwenye ripoti. Chombo ni kipya, ila desturi ni kongwe: mwenye macho anaazima giza kwa muda, kisha analirudisha. Historia ya desturi hiyo, ikisomwa pamoja na matokeo yake, inaonyesha kwamba giza la kuazima hufundisha vizuri jambo moja, nalo ni kupoteza uoni. Mtoto tunayetaka kumwelewa mara nyingi hajapoteza kitu. Ndivyo alivyoyakuta maisha. Chombo huanza kufaa pale kinapoacha kumwonjesha mtu upofu kwa jumla na kumwonyesha mtu mzima fulani, mwenye la kufanya kesho yake asubuhi, jinsi mtoto fulani anavyoona.

Turudi Paris, kwa kuwa ushahidi wa herufi ndio mnene kuliko wote. Mwaka 1771, kwenye maonyesho ya Saint-Ovide, Valentin Haüy aliwakuta watu wasioona wa hospitali ya Quinze-Vingts wamevishwa mavazi ya kuchekesha na miwani mikubwa isiyo na vioo, wamewekewa karatasi za muziki mbele yao, wanapiga vyombo hovyo huku umati ukiangua kicheko. Haüy alieleza baadaye kwamba aibu ya siku ile ndiyo iliyomsukuma kufungua shule, akaifungua mwaka 1785. Alichapisha vitabu kwa kugandamiza karatasi yenye unyevunyevu juu ya herufi kubwa za risasi, na ikikauka, maandishi yakawa yamevimba. Mtu mwenye macho akivitazama vitabu hivyo anaridhika mara moja, maana herufi zote zipo, za kweli, zimeinuka tu. Kwa kidole mambo ni mengine. Herufi iliyochorwa kwa mistari na mikunjo haitambuliki kwa mguso mmoja. Ncha ya kidole lazima iizunguke, ipande, ishuke, irudi kuhakikisha kama ile ni B au R, na ikifika mwisho wa neno mwanzo wake umeanza kusahaulika. Vitabu vilikuwa vikubwa na vizito kupita kiasi. Na jambo zito zaidi, mtoto hakuweza kuandika kwa mtindo huo. Alipewa kusoma bila uwezo wa kujibu.

Louis Braille aliingia katika shule hiyo mwaka 1819 akiwa na miaka kumi. Alikuwa ameumia jicho akiwa na miaka mitatu katika karakana ya baba yake, fundi wa ngozi na hatamu huko Coupvray, na maambukizi yakaliua jicho la pili. Mfumo wa nukta aliukuta kwa Charles Barbier, aliyepata kuwa mwanajeshi, ambaye aliuleta shuleni mapema katika miaka ya 1820. Nukta za Barbier zilikuwa 12 kwa kila alama, nyingi mno kwa ncha ya kidole kuzimeza kwa pamoja. Kijana Braille alizipunguza zikawa sita, akauchapisha mfumo wake mwaka 1829. Nukta sita zinakaa zote chini ya ncha ya kidole cha mtoto, hakuna cha kuzunguka, na kwa kibao na msumari mdogo mtoto anaweza kuandika barua mwenyewe. Wakubwa wa shule hawakufurahi. Katika miaka ya 1840 mkurugenzi Dufau aliupiga marufuku, mpaka msaidizi wake Joseph Guadet alipoutetea hadharani mwaka 1844. Na Ufaransa iliukubali rasmi mwaka 1854, miaka miwili baada ya Braille kufariki.

Wapinzani wa nukta hawakuwa wajinga wala wakatili, na hoja yao isipuuzwe. Howe alihofia kwamba maandishi ya pekee yangemtenga mtoto asiyeona na jamaa zake. Herufi zilezile, kwa maoni yake, zingewaunganisha. Nia hiyo ni njema. Ila tazama ilikotoka. Mtu mwenye macho anapojifunga kitambaa, anaingia gizani na kila alichojifunza kwa macho: umbo la herufi, sura ya chumba, mahali pa mlango. Anachokitamani humo gizani ni kurudishiwa vile alivyokuwa navyo. Basi anabuni kifaa cha kurudisha, na herufi iliyovimba ni kifaa cha namna hiyo. Mvulana aliyekua bila macho hakuwa na cha kurudishiwa, kwa hiyo alianza upande wa kidole, na ndiyo maana alifika.

Wanafalsafa walipitia njia yao wenyewe, wala hawakuhitaji kitambaa. Mwaka 1688 William Molyneux wa Dublin alimwandikia John Locke swali ambalo halijaacha kuchosha watu: aliyezaliwa haoni, anayejua tufe na mchemraba kwa kuvigusa, je, akifunguliwa macho atavitofautisha kwa kutazama tu? Mke wa Molyneux mwenyewe alikuwa haoni, na bado swali lilihusu macho, si mke. Mwaka 1728 mpasuaji William Cheselden wa London alieleza habari za mvulana wa miaka 13 hivi aliyeondolewa mtoto wa jicho na kushindwa kwanza kutambua maumbo ya vitu alivyokuwa akivijua kwa mikono. Hivi karibuni, mwaka 2011, kundi la Pawan Sinha lilichapisha matokeo ya kuwapima watoto wa India waliopata uoni kwa upasuaji wakiwa wakubwa, na jibu likawa hapana: macho mapya hayakuvitambua papo hapo vitu ambavyo mikono ilivijua, ingawa yalijifunza baada ya muda mfupi. Maana yake kwa hoja yetu ni kwamba mtoto asiyeona hakai nyuma ya pazia akingoja lifunuliwe. Amekwisha kujijengea dunia iliyo kamili kwa matumizi yake. Diderot alilihisi hilo mapema. Katika barua yake ya mwaka 1749 kuhusu wasioona, anamtaja mtu wa Puiseaux aliyeulizwa kama angependa kuwa na macho, naye akasema angeona ni afadhali apewe mikono mirefu. Diderot alikuwa na faida moja juu ya wenzake wengi: alimwendea mtu mwenyewe akamuuliza.

Kitambaa kilipata heshima mpya katika Vita Kuu ya Pili. Kwenye hospitali ya jeshi ya Valley Forge, Pennsylvania, walikokuwa wanapelekwa askari waliopofuka vitani, Richard Hoover na wenzake walibuni namna ya kutembea kwa fimbo ndefu nyepesi inayopelekwa kulia na kushoto kwa mpigo wa hatua: mguu wa kulia unapotangulia, ncha ya fimbo inagusa kushoto, ili mahali ambapo mguu unaofuata utakanyaga pawe pamekaguliwa tayari. Ufundi huo waliujaribu wao wenyewe wakiwa wamefungwa macho, na mpaka leo walimu wa fani hiyo hufundishwa hivyo kwa saa nyingi. Hapa kitambaa kilifanya kazi iliyokusudiwa, na sababu hazijifichi. Kiliambatana na fimbo, na mkufunzi, na muda wa kutosha kwa hofu ya kwanza kupungua na ufundi kuingia mwilini. Wala hakuna aliyedai kwamba sasa anajua maisha ya askari yule. Alijua jinsi ya kuvuka barabara.

Maonyesho ya giza yaliyokuja baadaye yalichukua sehemu tu ya somo hilo. Mwaka 1988, mjini Frankfurt, Andreas Heinecke alianzisha matembezi ndani ya vyumba visivyo na mwanga hata kidogo, ambako wageni wanaongozwa na watu wasioona, na mpango huo umeenea katika nchi nyingi. Ubora wake hauko gizani. Uko kwa kiongozi: mle ndani mwenye macho ndiye anayejikwaa na kuomba mkono, na asiyeona ndiye anayejua njia, anayepokea malipo ya kazi yake na kumcheka mgeni kwa upole. Kisha ikaja miwani. Ivan Sutherland alipoonyesha kifaa chake cha kuvaa kichwani mwaka 1968, kizito hata kikaning'inizwa darini, shabaha ilikuwa kumfanya mtu aone zaidi ya kilichopo. Ilichukua miaka mingi kabla ya watu kukitumia kizazi cha kifaa hicho kumfanya mtu aone pungufu. Kazi inayotajwa kuliko zote ni ile ya mwaka 2016 iliyotokana na kanda alizojirekodia John Hull, mwanateolojia wa Birmingham, baada ya kupofuka kabisa mwaka 1983. Ndani yake sauti ndizo zinazochora: mvua ikinyesha bustanini, kila jani na kila paa linapata umbo kwa namna linavyopigwa na matone. Ni kazi nzuri, na ni ya kweli kwa Hull. Ila Hull alipofuka akiwa mtu mzima, baada ya kuishi na uoni kwa miongo, na uchungu unaozijaza kanda zile ni wa mtu anayeusahau uso wa mkewe. Mtoto aliyezaliwa haoni hana uso wa kuusahau.

Wahenga walisema kitanda usichokilalia hujui kunguni wake, na watetezi wa miwani wanaweza kuushika msemo huo kama ushahidi wao. Ugumu ni kwamba anayelala usiku mmoja huwajua kunguni tu. Hajui mwenye kitanda analalaje miaka yote na bado anaamka kwenda kazini. Jambo hili limepimwa. Arielle Silverman, mtafiti ambaye yeye mwenyewe haoni, pamoja na wenzake wa Chuo Kikuu cha Colorado, walilinganisha watu waliojaribu kufanya shughuli wakiwa wamefungwa macho na wengine ambao hawakufungwa. Waliofungwa macho ndio waliotoka wakiamini zaidi kwamba watu wasioona hawawezi kazi wala kujitegemea. Ukifikiri, hakuna cha kushangaza. Walichoonjeshwa ni saa ya kwanza ya mtu aliyepofuka ghafla, ambayo ni mbaya kweli, wakaidhania kuwa ndiyo maisha. Mwalimu mwenye imani hiyo akirudi darasani, atamhurumia mwanafunzi wake kwa namna inayomnyima: hatampa zamu ya kufagia, hatampeleka mbele kujibu, hatatarajia afaulu. Kwa miaka mingi Watanzania walizisikia ngoma za Morris Nyunyusa redioni kila taarifa ya habari ilipokaribia. Alikuwa haoni, na ngoma alizozipiga kwa wakati mmoja zilikuwa nyingi kuliko ambazo mwenye macho yake angethubutu. Aliyemsikia Nyunyusa alijifunza kuhusu uwezo wa asiyeona jambo ambalo kitambaa hakiwezi kulitoa.

Kwa watoto kuna kosa la pili, na kwa Afrika Mashariki nalihesabu kuwa kubwa zaidi: dhana yenyewe kwamba upofu ni giza. Watoto wengi wanaohesabiwa kuwa hawaoni wanaona kiasi fulani. Shule za kwanza za eneo hili zilifunguliwa katikati ya karne iliyopita, Thika chini ya Jeshi la Wokovu mwaka 1946 na Buigiri, Dodoma, chini ya Kanisa la Anglikana mwaka 1950. Kwa miongo iliyofuata sehemu kubwa ya watoto wasioona wa nchi hizi walikuwa na makovu kwenye konea, kile kioo cha mbele cha jicho, kutokana na surua, upungufu wa vitamini A na wakati mwingine dawa za kienyeji zilizotiwa machoni. Allen Foster, aliyekuwa daktari wa macho Mvumi, pamoja na Alfred Sommer walichapisha uchunguzi wao wa Tanzania kuhusu jambo hilo mwaka 1987. Jicho lenye kovu halioni weusi. Mara nyingi linaona mwanga, kivuli kinachopita, umbo la mtu aliyesimama mlangoni. Chanjo ya surua na matone ya vitamini A yalipopunguza makovu, mtoto wa jicho akachukua nafasi ya mbele, na huyu naye hana giza la kuonyesha: ni ukungu mzito unaoondolewa kwa upasuaji, mradi mtoto aletwe mapema. Uchunguzi uliofanyika Kilimanjaro umeonyesha kwamba watoto huletwa wamechelewa kwa miezi mingi, wengi kwa miaka, na ubongo usiopokea picha safi katika umri mdogo hupoteza uwezo wa kuitumia hata jicho likisafishwa.

Mtoto mwenye ualbino anaonyesha vizuri zaidi jinsi dhana ya giza inavyopotosha. Tatizo lake kubwa ni mwanga. Macho yake yana rangi kidogo mno ya kuuzuia, yanachezacheza bila kutulia, na sehemu ya retina inayoona vitu vidogo haikukomaa. Mwalimu mwenye huruma humketisha mbele, karibu na dirisha, ambako kuna mwanga mwingi. Kwa wengine pale ni mahali pazuri. Kwake ubao umeyeyuka. Anachohitaji ni kusogea kwenye ubao kwa hatua mbili tatu, kulipa dirisha kisogo, kuvaa kofia yenye ukingo hata ndani ya darasa, na pengine lenzi ndogo ya kukuza. Nchini Tanzania watoto wengi wa aina hii walipelekwa katika shule za wasioona, hasa baada ya mauaji ya watu wenye ualbino kuanza kujulikana miaka ya 2006 na 2007, wakati bweni lenye ukuta lilikuwa kwanza ni usalama. Usalama haukuwa jambo dogo. Lakini katika shule za wasioona duniani kote walimu wanajua tukio hili: mtoto mwenye uoni hafifu, aliyepewa nukta nundu kwa sababu ameandikishwa kama kipofu, anazisoma kwa macho, pua karibu igusane na karatasi, akifuata kivuli kidogo cha kila nukta. Nukta zilizobuniwa kumwokoa Braille na herufi za macho zinasomwa kwa macho na mtoto ambaye angeweza kusoma maandishi ya kawaida yakikuzwa. Kinyume chake kinatokea katika shule za kawaida, ambako mtoto wa namna hiyohiyo, kwa kuwa anatembea bila kujikwaa na hata anacheza mpira, anaitwa mvivu.

Hapo ndipo picha ya uoni wa mtoto inapoweza kufanya kazi, na mfano bora ninaoujua hauna miwani yoyote ndani yake. Huko Trans Nzoia, Kenya, daktari wa macho Hillary Rono wa Kitale na wenzake wa mradi wa Peek walifanya jaribio katika shule 50, lililochapishwa mwaka 2018. Katika nusu ya shule walimu waliwapima watoto kwa chati ya kawaida na kuwaandikia rufaa; katika nusu nyingine walitumia simu. Kioo cha simu kinaonyesha herufi E iliyolala au kusimama, mtoto ananyoosha mkono upande ambao vidole vya E vinaelekea, mwalimu anatelezesha kidole upande huohuo bila hata kuhitaji kuiangalia herufi, na mashine inahesabu. Aliyeshindwa aliondoka na karatasi yenye picha iliyotiwa ukungu kwa kadiri ya kipimo, ili mzazi aone kinachoonekana na mwanawe, na baadaye wazazi wakatumiwa ujumbe wa simu wa kuwakumbusha. Katika shule za chati, watoto 22 kati ya kila 100 waliopewa rufaa walifika hospitali. Katika shule za simu walifika 54.

Mwenye shaka atasema tofauti hiyo haiwezi kuwekwa yote kwenye picha, kwa sababu picha na ujumbe wa kukumbusha vilikwenda pamoja, na yuko sawa, jaribio halikuvitenganisha. Lakini hata kwa tahadhari hiyo, angalia picha ile ilivyotofautiana na miwani ya huruma. Haikuwa picha ya upofu, ilitokana na kipimo cha mtoto mmoja. Haikuonyeshwa kwa wageni waalikwa, ilipelekwa kwa baba au mama ambaye kesho yake alikuwa na jambo moja la kuamua. Na ilijibu shaka ambayo maneno huishindwa. Mtoto wa miaka saba ambaye hajawahi kuuona ubao vizuri hasemi kwamba haoni. Hana cha kulinganishia, hivyo anadhani hivyo ndivyo mbao zilivyo, na mzazi anayemwona akiokota sindano sakafuni hana sababu ya kudhani vingine. Mwenye macho ya kawaida alihitaji kweli kuonyeshwa, na alionyeshwa kwa karatasi.

Teknolojia ya uhalisia pepe imefika karibu na namna hiyo ya kazi mahali ambapo karatasi haitoshi, yaani kwa watoto ambao tatizo lao haliko jichoni bali kwenye ubongo. Uharibifu huo hutokana na kukosa hewa wakati wa kuzaliwa, kuzaliwa kabla ya siku, homa ya uti wa mgongo, na katika nchi zetu pia malaria kali iliyopanda kichwani. Mtoto kama huyo anaweza kusoma chati hadi mistari ya chini, kisha asimwone mama yake amesimama sokoni katikati ya watu. Picha ya ukungu haimwelezi, kwa sababu haoni ukungu. Anashindwa na wingi. Huko Boston, mji uleule wa Howe, Lotfi Merabet na wenzake wametengeneza sanduku la midoli lisilo la kweli, ambamo mtoto anachagua mdoli anaoupenda na kuutafuta kati ya mingine inayozidi kuongezeka, na korido ya shule ambamo anamtafuta mwalimu mkuu kati ya watu wanaopita, huku kamera ikifuatilia macho yake. Anayecheza ni mtoto. Mtu mzima yuko kando, akitazama mstari wa macho ukizurura bila kutulia kadiri midoli inavyozidi, na utulivu ukirudi inapopunguzwa. Hakuna aliyevalishwa giza, na mwalimu anaondoka na jambo la kufanya: apunguze michoro ukutani, aache nafasi tupu kati ya maswali kwenye karatasi, amsubiri mtoto.

Pingamizi lenye nguvu zaidi ni la fedha. Misaada hutolewa na watu walioguswa, na miwani inagusa. Taasisi inayokataa kuwaliza wafadhili huenda ikakosa pesa za upasuaji wa mtoto yuleyule ninayemtetea. Sina jibu la kulifuta pingamizi hilo lote. Ninachoweza kusema ni kwamba desturi ya kukusanya fedha kwa huruma ina bei, na bei hiyo hulipwa na watoto wakikua: mwajiri aliyelizwa na giza la dakika tano ndiye atakayesoma barua ya kuomba kazi ya kijana asiyeona. Kama lazima miwani itumike kwa wafadhili, basi iwaonyeshe uoni kabla na baada, darasa lenye mtoto wa jicho na darasa lilelile baada ya upasuaji na miwani ya kawaida, na mwongozaji awe mtu asiyeona aliye kazini, kama wale wa Frankfurt. Wengine wanasema kwamba vifaa vikiboreka, tofauti kati ya kuonja na kuishi itapungua. Kuboreka kwa picha hakuwezi kuondoa kumbukumbu za anayeitazama. Hata miwani kamilifu itavaliwa na mtu aliyekwisha kuujua ubao kwa miaka 30, na kwake ukungu utakuwa hasara siku zote.

Kwa vyuo vinavyofundisha walimu wa elimu maalumu, kama Patandi kule Arusha au KISE jijini Nairobi, matumizi yanayofaa ni madogo na ya kazi. Mkufunzi anaweza kumvalisha mwanachuo miwani inayoonyesha darasa moja kutoka dawati la dirishani na dawati la ukutani, kwa macho yenye ualbino, kisha amwambie apange madawati upya. Jirani yake awepo mwalimu mwenye uoni hafifu wa kusahihisha, kwa maana kompyuta inajua jinsi ya kufifisha picha lakini haijui mbinu ambazo mtoto amezibuni: kuinamisha kichwa upande mmoja hadi macho yatulie, kuhesabu ngazi, kumtambua mwenzake kwa mwendo. Na kabla ya kununua hata miwani moja, waandaaji wausome tena ule ushahidi wa Kitale kwa upande wake wa pili. Kati ya kila watoto 100 waliopewa rufaa katika shule za simu, pamoja na karatasi yenye picha na ujumbe wa kukumbusha, 46 hawakufika hospitali. Wazazi wao walikuwa wamekwisha kuonyeshwa. Kwa baadhi yao kilichobaki kinaweza kuwa nauli ya kwenda Kitale na kurudi, au kibarua cha siku hiyo ambacho kisingengoja, na hayo yanahitaji kuwekwa kwenye bajeti ya mradi kwa jina lake, katika mstari ulio juu ya ule wa vifaa.